Ndege Niliyoishonea Mabawa

Nilikuwa nashona maturubai ya malori pale Migori, upande ambao barabara ya Isebania inateremka kuelekea daraja. Miaka ile ya tisini kazi ilikuwa tele. Malori ya tumbaku, ya mahindi na ya omena yote yalitaka kufunikwa, na zaidi ya hayo zilikuwepo hema za matanga, maana kwetu mtu hazikwi hivi hivi bila hema. Cherehani yangu ilikuwa ile nzito ya kushonea ngozi, na vidole vyangu vilikuwa vimekomaa kama vya wachimba dhahabu wa Macalder.

Asubuhi moja aliingia mzee mrefu aliyevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi. Aliniamkia vizuri, akaulizia watoto, kisha akashika kona ya turubai lililokuwa mezani akalivuta kwa nguvu zake zote. Mshono haukuachia. Akaligeuza akatazama upande wa ndani, ambao wateja huwa hawautazami.

"Nyathina, mwanangu, uzi huu unaupaka nini?"

"Nta ya nyuki, Jaduong', mzee wangu. Ukiupaka nta hauozi upesi."

"Umewahi kushona kitu kinachoruka?"

Nilimwambia niliwahi kushona hema moja iliyong'olewa na upepo huko Awendo, ikaenda kuangukia shamba la miwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akaniambia kilichomleta.

Alikuwa fundi wa ndege. Ujana wake wote aliumalizia Nairobi na Entebbe akifungua na kufunga injini, na sasa alikuwa amestaafu, amerudi kwao nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Rafiki yake rubani, mstaafu kama yeye, alikuwa amepata habari za ndege ndogo ya jeshi la Uganda iliyotua ng'ambo ya mpaka, upande wa Musoma, wakati wa vita vya Uganda na Tanzania. Ilikuwa imelala miaka yote hiyo katika ghala la kiwanda cha kuchambua pamba. Wawili hao walikuwa wamezunguka katika ofisi za nchi zote mbili hadi wakaruhusiwa kuinunua na kuileta Kenya. Sasa alihitaji lori la kuibeba na mtu wa kuishona.

"Ndege inashonwa?" nikauliza.

"Hii inashonwa. Mifupa yake ni bomba za chuma. Ngozi yake ni kitambaa. Na kitambaa chenyewe kimeoza."

Sijui niseme nini kuhusu nilivyojisikia wakati ule. Moyo ulinidunda kama wa msichana aliyeitwa jina lake mbele ya shule nzima. Nilimwambia lori lipo, dereva nimeolewa naye.

Mume wangu hakufurahi. Alikuwa dereva mwangalifu, mtu wa kushuka kuangalia magurudumu kila mara aliposimama.

"Ndege ya vita?" aliuliza akiwa na tonge la kuon, ugali wetu, mkononi. "Na bomu likiwa bado ndani?"

"Jaduong' amesema haina bomu."

"Amesema. Yeye amekuwa akikaa nayo?"

Lakini alipokutana na yule mzee na kumsikia akizungumza juu ya injini, walikaa kwenye ngazi ya lori mpaka chai ikapoa, nami nikajua safari ipo.

Tulivuka Isebania alfajiri, siku moja kabla ya siku ya soko. Njia nzima Jaduong' alikaa kati yetu, magoti yakigusa gia, akisimulia. Kiwanda chenyewe kilikuwa mbali kidogo na barabara kuu, na mlango wa ghala ulikuwa wa bati, umeshikwa na kutu. Vijana wa kiwandani walipousukuma, kuku walitoka mbio wakipiga kelele.

Ndipo nikaiona. Ilikuwa ndogo! Mimi nilikuwa nimebeba kichwani picha ya ndege kubwa, na hapa palikuwa na kitu kisichozidi urefu wa lori letu, kimeinua pua juu na kuketi kwa mkia, kama punda anayetaka kusimama. Rangi yake ya majani makavu ilikuwa imebanduka. Kitambaa kilining'inia mbavuni vipande vipande. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha rubani, na karibu na mkia kulikuwa na matundu mawili ya risasi yaliyozibwa kwa viraka vya kitambaa.

Jaduong' aliisogelea. Aliizunguka polepole akiigusa kwa viganja. Alifungua kifuniko cha injini, akaingiza mkono, akanusa vidole vyake. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa kijana.

"Waliimwagia mafuta," alisema. "Kuna mtu aliimwagia injini mafuta kabla ya kuiacha. Haijashika kutu ndani!"

Aliyemjua mtu huyo alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi ya kufagia pamba pale kiwandani tangu zamani. Alikuja na kikapu cha mayai yake, akatueleza. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha Tanzania, na changu mbele yake kilisikika kama mawe ya Macalder yakisagwa.

"Ilikuja mchana, mawingu yametanda, ikatua pale kwenye uwanja wa kuanikia," alisema. "Akashuka kijana peke yake. Akatuamkia, akauliza, samahanini jamani, hapa ni wapi? Tukamwambia ni Tanzania. Basi akacheka! Akakaa chini kwenye gurudumu, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema, mafuta yameniishia na njia imenipotea, waiteni wanajeshi wenu. Kabla hawajafika akamwomba mume wangu amtafutie oili ya mashine, akaimimina mwenyewe mle ndani. Akasema mashine haina kosa."

"Alipelekwa wapi?" nikauliza.

"Walimchukua kwa gari. Vita vilipokwisha tulisikia mateka wamerudishwa kwao. Namwombea awe alifika."

Kisha mume wangu, yule aliyeogopa bomu, akavua koti akasema, "Jaduong', tunaanza wapi?"

Tulianza na mabawa. Kila bawa lilishikiliwa na misumari minene ya skrubu ambayo mzee aliilowesha mafuta, akaigonga kwa nyundo ya mbao, akaisemesha kwa Dholuo kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. La kwanza lilipoachia, tulilipokea mabegani, wanaume wa kiwanda upande mmoja, mimi na yule mama upande mwingine, na nilishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi. Tulilaza mabawa ubavuni mwa lori, tukayazungushia magunia yaliyojazwa pamba mbovu ili yasigongane, mwili wa ndege katikati, mkia ukitokeza nje nyuma. Nilifunika kila kitu kwa turubai langu mwenyewe, jipya.

Tulilala kiwandani, na kesho yake upande wa Tanzania ulitupitisha mapema. Mkubwa wao pale mpakani alikuwa na habari zetu, akatutakia safari njema. Upande wetu ndio uliokuwa na maneno. Afisa wa forodha, Mkuria mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliinua turubai kwa kalamu yake, akalishusha, akaliinua tena.

"Mzee, hii ni nini umeniletea?"

"Ndege, afande."

"Naona ni ndege. Nauliza ni nini. Ni gari? Ni chuma chakavu? Ni silaha?"

Watu wa soko walikuwa wameanza kusogea. Mtu mmoja akasema ni ya jeshi, angalieni rangi. Neno jeshi lilipita katika ule umati na ghafla watu wakarudi nyuma, halafu wakasogea tena karibu zaidi. Akaitwa polisi. Polisi akapanda lorini na rungu lake, akapiga magoti, akachungulia chini ya bawa, akapaza sauti.

"Na hii? Hii ilikuwa ya kushikilia nini?"

Vilikuwa vishikizo vya chuma, viwili kila bawa. Jaduong' alisema kweli: vilikuwa vya kuning'iniza roketi ndogo za moshi, za kuwaonyesha wenzao walioko chini mahali pa kupiga. Afisa wa forodha alikunja mikono. Mume wangu alinitazama kwa jicho la nilikwambia.

"Basi ni silaha," afisa alisema. "Inarudi ilikotoka."

Jua lilitupiga pale mpaka adhuhuri ikapita. Jaduong' alionyesha barua zake, afisa akazisoma, akasema barua zinasema ndege, hazisemi vyuma vya roketi. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha gurudumu nikikaribia kulia, na ndipo wazo likanijia, nikasimama.

"Afande, kama ni hivyo vyuma ndivyo silaha, si tuvifungue vibaki hapa? Wewe ukae na silaha, sisi twende na ndege."

Alinitazama. Akamtazama polisi. Polisi akainua mabega. Umati wote ukangoja. Kisha yule mtu mnene akaanza kutikisika, nikadhani ana hasira, kumbe ni kicheko.

"Mama, wewe ungekuwa wakili. Fungua!"

Jaduong' alikuwa ameshashika spana. Vyuma vile vilipodondoka chini, soko zima lilipiga makofi. Afisa alivihesabu, akavifungia ofisini, halafu, kabla ya kutupigia muhuri, akaomba apande akae kwenye kiti cha rubani. Tulimsukuma kwa shida, maana kiti kilikuwa chembamba, naye akakaa mle ameshika usukani, akitazama mbele kana kwamba anaona mbali.

Migori tulipokelewa kama tumeleta bibi harusi. Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa njia gani. Waendesha boda boda walitusindikiza kwa baiskeli zao wakipiga kengele kutoka juu mpaka darajani, na wanawake wa samaki waliacha meza zao. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikimbia kando ya dirisha akipiga kelele, "Niuzie mimi! Hiyo nitayeyusha nitoe sufuria za Migori nzima!" Jaduong' alifunga kioo. Aliniambia kwa hasira ya kweli, "Umemsikia? Sufuria!"

Kesho yake tuliendelea kupitia Rongo mpaka Homa Bay, na ndege ikaingizwa katika ghala tupu la pamba karibu na kiwanja cha ndege nje ya mji.

Kazi ilichukua msimu mzima na zaidi. Nilikuwa nakwenda huko siku za mwisho wa juma, na shule zilipofungwa nilihamia kabisa nyumbani kwa Jaduong' na watoto wangu. Mke wake alikuwa mwalimu, mwanamke wa maneno machache na makali. Propela ilikuwa imelala kwenye kochi lake sebuleni, na kabureta ilikuwa kwenye kabati la vyombo.

"Karibu," aliniambia siku ya kwanza. "Ukipata mahali pa kukaa, kaa."

Jaduong' alinifundisha kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, nami nilipenda kufundishwa. Kitambaa kililetwa na rubani kutoka Nairobi, cheupe, chepesi, kigumu kuchanika. Nilikishona kama soksi ndefu, nikakivisha bawa kuanzia ncha. Baadaye tukakipiga pasi ili kinywee na kukaza. Nilitaka kuleta pasi yangu ya makaa, akakataa kabisa, kwa sababu ya cheche na dawa ya kukipaka kitambaa, inayoshika moto kwa haraka. Tuliazima jenereta ya kanisa, ile ya vipaza sauti, tukatumia pasi ya umeme. Pasi ilipopita, mikunjo ilijikusanya yenyewe na kupotea. Nilipiga bawa kwa kidole nalo likalia dum, kama ngoma. Nilipiga kelele. Jaduong' akaja mbio akidhani nimeungua.

Kisha ikaja kazi ya kukifunga kitambaa kwenye mbavu za bawa, kila ubavu kwa mafundo yake, uzi ukipita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hiyo haifanywi na mtu mmoja. Bawa lilisimamishwa kama ukuta, mimi upande huu na sindano ndefu kama mkono, na upande wa pili alihitajika mtu wa kuipokea na kuirudisha. Mume wangu alikuwa safarini. Jaduong' mikono ilikuwa imejaa grisi. Mke wake alikuwa mlangoni akitutazama, na madaftari ya wanafunzi kwapani.

"Nipisheni," alisema, akaweka madaftari chini.

Tulishona bawa lile bila kuonana nyuso. Nilisukuma sindano, nikasikia, "Nimepata," ikarudi, nikasema, "Nimepata." Baada ya muda maneno mengine yakaanza kupita na sindano. Aliniambia alivyomsubiri mume wake miaka yote aliyokuwa Entebbe, jinsi siku za vita alivyolala na redio sikioni, na jinsi alivyoapa kwamba akirudi salama hatataka tena kusikia mlio wa ndege maishani.

"Na sasa unaishona," nikasema.

Sindano ikatokeza.

"Vuta uzi, uko legelege," akasema, nami nikasikia anacheka.

Mkaguzi alikuja kutoka Nairobi, kijana mwenye koti jeusi la mvua na kifaa kidogo chenye ncha. Alikibonyeza kifaa hicho juu ya kitambaa, mahali hapa na pale, akisoma kipimo chake. Nilimfuata nyuma hatua kwa hatua. Alikaa muda mrefu kwenye mafundo ya bawa la kushoto, lile letu la kwanza, akayafuata kwa ukucha mmoja baada ya mwingine.

"Nani amefunga haya?"

"Mimi," nikasema. "Na mwalimu."

"Mmefunga vizuri," alisema, akaendelea. Mwalimu alinibana mkono mpaka ukauma.

Siku ya kuiwasha injini, Jaduong' alimweka rafiki yake rubani kitini, naye mwenyewe akasimama mbele ya propela. Aliizungusha kwa mkono. Haikuwaka. Akaizungusha tena, ikapiga chafya ya moshi mweupe. Mara ya tatu iliunguruma, nyasi zote za kiwanja zikalala chini, kofia ya mume wangu ikapeperuka, watoto wangu wakaanza kuruka kama vichaa. Jaduong' alirudi nyuma, akalala chali kwenye nyasi, akafumba macho, akasikiliza. Hakuinuka mpaka ilipozimwa.

Rubani aliirusha peke yake siku kadhaa, akishuka kila mara kuzungumza na Jaduong' kuhusu jambo hili na lile. Kisha asubuhi moja tulivu, ziwa likiwa limelala kabisa, aliniita.

"Mama mshonaji, kuna kiti nyuma."

Nilimtazama mume wangu. Nilidhani atanikataza. Alikuwa amepiga magoti akiangalia magurudumu ya ndege, moja, la pili, na lile dogo la mkiani. Akaja akanifunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili.

"Ukifika juu," alisema, "usiguse chochote."

Tulikimbia kwenye nyasi, tukirushwarushwa, mkia ukainuka kwanza, na nikaona mbele kwa mara ya kwanza. Halafu kelele za magurudumu zikakatika. Nilisubiri tugonge kitu. Hatukugonga. Ghala lilipita chini yetu, mabati yake, watu wakipunga mikono, na mmoja wao alikuwa mwalimu amevua kitambaa cha kichwa akikizungusha hewani. Rubani alipindisha ndege juu ya mji. Mlima Asego ulisimama pembeni karibu kama jirani. Magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba yote hadi gatini, na kutoka juu yalionekana kama shamba kubwa la kijani ambalo mtu angeweza kuliingia na jembe. Mbele yake maji yaling'aa, na visiwa vikaanza kujitokeza, na mbali huko, upande wa Kisegi, moshi wa wakaanga samaki ulikuwa umesimama wima.

Niliinua macho. Bawa lilikuwa juu ya kichwa changu, na chini yake niliona safu za mafundo yangu chini ya rangi nyeupe, moja kwa kila ubavu, zimenyooka mpaka nchani. Upepo ulikuwa unayavuta, na yalikuwa yameshika. Nilianza kuimba. Sijui niliimba nini. Rubani alisema baadaye kwamba hakuelewa neno hata moja lakini alipunguza mwendo ili wimbo umalizike kabla hatujatua.

Ndege ile ilikwenda Nairobi muda mfupi baadaye, ikapewa rangi nyingine na kazi ya kuwafuatilia tembo mbugani. Wazee wale wawili hawakukaa. Mwaka uliofuata walikwenda Msumbiji, ambako vita vilikuwa vimekwisha na viwanja vilijaa ndege zilizoachwa majanini, na mume wangu alikwenda nao kama dereva, yeye mwenyewe akiomba. Walirudi na mwili mmoja mzima na bawa moja na nusu.

Bawa hilo nusu lililetwa dukani kwangu Migori, likiwa limefungwa kwa blanketi. Lilikuwa na kiota cha nyigu ndani na harufu ya nyasi za ugenini. Nililiegemeza ukutani, kati ya turubai la lori la tumbaku na hema ya matanga. Mteja wa tumbaku aliingia, akalitazama, akaniuliza hiyo ni nini.

"Ndege," nikamwambia. "Subiri kidogo, baba, namalizia ubavu huu."